Aliyekosa Shule Asikose Kipimo

Mhadhara kwa umma kuhusu kiharusi, elimu na kipato. Nyansiongo, Kaunti ya Nyamira

Nimeombwa nizungumze juu ya kiharusi, nami nimekubali kwa sharti moja, kwamba nisiishie kuwaonya watu wapunguze chumvi na mafuta. Maonyo hayo mmeyasikia redioni. Leo nataka tuulize jambo ambalo redio haiulizi: kwa nini kiharusi kinawapiga zaidi watu waliosoma kidogo, na ni nani mwenye wajibu wa kulibadilisha hilo?

Nitoe jibu langu mapema, ili anayelazimika kuwahi ng'ombe aondoke nalo. Huduma zetu za afya zimejengwa kana kwamba kila mgonjwa amemaliza sekondari. Zinamtaka ajue kuuliza, ajue kusoma, ajue kujaza fomu, na awe na siku ya kupoteza. Asiyeweza hayo anabaki nje, na aliyebaki nje ndiye tunayemkuta asubuhi kitandani upande mmoja umekufa. Kosa si lake. Tuna uwezo wa kulirekebisha, na sehemu kubwa ya dawa yake tunayo hapa hapa katika eneo letu la Borabu.

Presha haikuzaliwa nasi

Tuanze na presha ya juu, chanzo kikuu cha kiharusi. Mwaka 1929 jarida la kitabibu la Lancet, London, lilichapisha makala ya daktari Mwingereza, C. P. Donnison, aliyekuwa akitibu watu katika Kavirondo Kusini. Wengine hapa hamkulisikia jina hilo. Kavirondo Kusini ilikuwa wilaya ya kikoloni iliyotawaliwa kutoka mjini Kisii, na ndani yake walikuwamo Abagusii, Wajaluo wa kusini na majirani wao. Yaani ni babu na bibi zetu. Donnison aliwapima presha watu wapatao 1,000. Aliona kwamba presha yao haikupanda kadiri walivyozeeka, kama ilivyokuwa kwa Wazungu. Baada ya miaka 40 hivi ilielekea kushuka. Katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwa muda wa miaka miwili, hakukuta hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha ya juu.

Maelezo aliyoyatoa juu ya jambo hilo yalikuwa na rangi ya ukoloni, nami siyatetei. Lakini kipimo kilikuwa kipimo. Sasa kiwekeni kando ya utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015, ambao serikali yetu iliufanya kwa Wakenya wa umri wa miaka 18 hadi 69. Karibu mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na presha ya juu. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwahi kupimwa presha hata mara moja maishani. Na kati ya waliokutwa nayo, waliokuwa wakijua walikuwa chini ya mmoja katika watano.

Husemwa katika nyumba nyingi kwamba presha ni ya ukoo: ilimchukua baba, itanichukua na mimi. Urithi una sehemu yake, sikatai. Lakini damu ya ukoo haibadiliki ndani ya vizazi vitatu. Kilichobadilika ni maisha. Mwaka 1990 watafiti wakiongozwa na Neil Poulter walichapisha matokeo ya kuwafuatilia vijana wa Kijaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi kutafuta kazi. Presha zao zilipanda ndani ya miezi michache tu baada ya kufika mjini, wakati za wenzao waliobaki nyumbani hazikupanda hivyo. Chakula kilikuwa kimebadilika: chumvi iliongezeka, na potasiamu, ambayo tunaipata kwenye mboga, matunda na ndizi, ilipungua. Jambo lililoletwa na maisha linaweza kuondolewa kwa kubadilisha maisha, na huo ndio msingi wa matumaini yangu.

Kinachotokea kichwani

Nieleze ugonjwa wenyewe kwa ufupi. Ubongo hauna akiba. Unategemea damu inayofika kila sekunde. Kiharusi hutokea kwa njia mbili: mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo unaziba, au unapasuka. Sehemu iliyokosa damu huanza kufa. Ikiwa ni sehemu inayoongoza mkono wa kulia, mkono huo unalegea. Ikiwa ni ile ya maneno, mtu anakutazama, anataka kusema, na maneno hayaji.

Kinachoharibu mishipa hiyo zaidi kuliko kitu kingine chochote ni presha ya juu, ile inayofika 140 kwa 90 au kuzidi. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 32 na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mambo kumi yanayoweza kubadilishwa yanabeba karibu viharusi tisa katika kila kumi, na presha pekee inabeba karibu nusu. Mengine ni kama kisukari, tumbaku, pombe, chakula, kutoushughulisha mwili na msongo wa mawazo. Habari njema ni kwamba presha ikishushwa hata kwa vipande 10 tu vya namba ile ya juu, hatari ya kiharusi inapungua kwa zaidi ya robo.

Habari mbaya ni kwamba presha haina maumivu. Mama anaweza kuwa na 180, akabeba kikapu cha majani, akapanda kilima, akarudi akapika. Hajui. Na kwa sababu hajisikii mgonjwa, hana sababu ya kwenda hospitali. Anayekwenda kupimwa hali haumwi ni mtu aliyeambiwa na kuamini kwamba kuna ugonjwa usiouma. Hapo ndipo shule inapoingia.

Namba zinavyosema

Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 150,000, wa umri wa miaka 35 hadi 70, katika nchi 20, tajiri, za kati na maskini. Walitaka kujua ni nani anayepatwa na kiharusi na mashambulio ya moyo. Walipima elimu na walipima mali. Elimu ilionyesha tofauti kubwa kuliko mali. Katika nchi tajiri, watu walioishia shule ya msingi au wasiosoma kabisa walikuwa na hatari iliyozidi ya wasomi kwa kiasi kisichofika robo. Katika nchi za kati ilizidi kwa zaidi ya nusu. Katika nchi maskini ilizidi mara mbili.

Kuna jambo katika utafiti huo ambalo nataka kila mmoja aondoke nalo. Katika nchi hizo maskini, wasiosoma hawakuwa na mienendo mibaya kuliko waliosoma. Wakijumlishiwa vihatarishi vyote, hali yao ilikuwa hata nafuu. Watu wa jembe hutembea, hula mboga, huwa wembamba. Na bado ndio waliougua na kufa zaidi. Walichokosa ni matibabu: hawakupimwa, hawakupewa dawa, au walipewa mara moja na hakuna aliyewafuata.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu mwenye kalamu mfukoni akisema kwamba watu wa kijijini wanakufa kwa sababu ya ujinga wao, nasononeka. Bibi anayelima kutwa, anayekula mboga ya chinsaga na wimbi, amefanya upande wake. Ni sisi ambao hatujafanya wetu.

Karo ya mwaka 1965

Tuangalie wanaopatwa na kiharusi kwetu. Wengi wamepita miaka 55. Mtu mwenye miaka 66 leo alipaswa kuingia darasa la kwanza katikati ya miaka ya 1960. Wakati huo shule ya msingi ilikuwa ya kulipia. Shule zenyewe katika Gusii zilikuwa zimeanzia kwenye misheni, Wakatoliki wakiwa Nyabururu tangu 1911 na Waadventista wakiwa Nyanchwa baada yao kidogo, na aliyezaliwa mbali na misheni alianza akiwa nyuma. Mzazi mwenye watoto saba na karo ya wawili alichagua, na mara nyingi aliwachagua wavulana. Binti alibaki kulea wadogo zake hadi siku ya kuolewa.

Hapa Borabu tuna historia yetu ya pekee. Ardhi hii ilikuwa ya walowezi Wazungu hadi kipindi cha uhuru. Miaka ya 1960 ndipo familia zilipohamia kwenye skimu za makazi, zikapewa ploti kubwa kuliko zile za ndugu zao waliobaki kwenye vilima vilivyojaa watu. Familia hizo zilikuja na deni la ardhi la kulipa. Zililima chai na pareto, zikafuga ng'ombe wa maziwa, na shule za watoto wao zikajengwa huku wenyewe wakianza maisha upya. Wako waliotoka kwenye jitihada hizo na kuwa walimu, madaktari na mahakimu. Wako pia ambao zamu yao ya kusoma haikufika.

Mwaka 1974 karo ya darasa la kwanza hadi la nne ilifutwa kwa amri ya rais, kisha shule zikaanza kudai fedha za ujenzi na watoto wengi wakarudi nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilileta uchangiaji wa gharama, na wazazi wakabeba mzigo zaidi. Desemba 1989 uchangiaji huo ukaingia hospitalini, mgonjwa akaanza kulipia. Elimu ya msingi bila karo ilirudi Januari 2003. Huduma bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya serikali ilitangazwa Juni 2013. Pigeni hesabu: kuna kizazi kilichofungiwa mlango wa shule utotoni na mlango wa zahanati katika utu uzima. Kizazi hicho ndicho sasa kimefikia umri wa kiharusi.

Safari ya mgonjwa asiyesoma

Nataka tufuatane na mtu mmoja. Sitamtaja jina, kwa kuwa ni wengi. Ni mama wa miaka 58, mjane, aliyeishia darasa la tatu. Hana chai yake. Anachuma majani kwenye shamba la mwenye skimu na kulipwa kwa kilo.

Mlango wa kwanza ni kupimwa. Kituo cha afya kinafunguliwa asubuhi, saa ile ile ambayo majani yanachumwa. Akienda kliniki, siku hiyo hana kilo hata moja, na mjukuu wake hana daftari. Mwalimu mwenye mshahara akienda kliniki, mshahara wake hautetereki. Kipimo kile kile ni bure kwa mmoja na kina gharama ya kutwa nzima kwa mwingine.

Mlango wa pili ni maelezo. Tuseme amepimwa na kukutwa na 170. Mhudumu ana foleni ndefu, anamwambia haraka haraka kwamba ana presha na kumpa vidonge vya mwezi mmoja. Bahasha imeandikwa "1x1". Mama hajui kwamba ugonjwa huu ni wa kudumu, kwa sababu magonjwa aliyoyazoea, malaria na homa, dawa yake ikiisha umepona. Vidonge vinaisha. Hajisikii vibaya. Anaacha. Mtu mwenye elimu angerudi kuuliza, angempigia simu mpwa wake muuguzi, angesoma. Na mama huyu akirudi bila dawa, mara nyingi atakaripiwa, na hatarudi tena.

Mlango wa tatu ni bima. Tangu Oktoba 2024 tunayo Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, NHIF, ulioanza mwaka 1966. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 na hana la kufanya zaidi. Mama wetu anapaswa kujisajili kwa simu, kujibu maswali ya kukadiria kipato cha nyumba yake, kisha kulipa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Huduma katika zahanati na vituo vya afya zinapaswa kulipwa na mfuko wa serikali, lakini dawa zikikosekana huko anatumwa kwenye duka la dawa. Nia ya mpango huu naipongeza. Hata hivyo, mfumo unaoanzia kwenye kioo cha simu unamwanza anayeweza kusoma kioo hicho.

Mlango wa nne ni siku yenyewe ya kiharusi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na haiwezi kutolewa kabla ya picha ya CT kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka. Kutoka shamba la ndani Nyansiongo hadi hospitali yenye mashine hiyo ni safari ya bodaboda kwenye tope, kisha gari kupitia Keroka hadi Kisii. Mwenye gari na mtoto daktari anaweza kuwahi. Mama wetu huwekwa kitandani kwanza asubiri mtoto wake wa Nairobi atume pesa.

Mlango wa tano ni baada ya hapo: mazoezi ya viungo, kujifunza kuongea upya, dawa za kuzuia kiharusi cha pili. Haya huhitaji miezi na nauli, na ni mlango ambao wengi hawaufikii kabisa.

Hakuna mahali katika safari hii ambapo mama alikosea. Kila mlango ulijengwa na watu, na kila mlango watu wanaweza kuupanua.

Tunapomtafuta mchawi

Kuna jambo zito ambalo siwezi kuliruka nikiwa Gusii. Mtu mzima wa afya anayelala akiongea na kuamka bila sauti, uso umepinda, anatisha. Akili inatafuta aliyefanya hivyo.

Si kwetu tu. Watafiti waliofanya kazi Tanzania walichapisha mwaka 2008 ulinganisho wa Dar es Salaam na vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Wengi wangetarajia mjini ndiko watu waamini hospitali. Ilikuwa kinyume. Dar es Salaam kiharusi kilihusishwa sana na mashetani na uchawi, na kimbilio la kwanza likawa mganga. Hai, watu walitaja presha, mafuta na mawazo, na kimbilio la kwanza likawa hospitali. Utafiti mwingine katika maeneo hayo hayo, uliohesabu viharusi vipya kati ya 2003 na 2006, ulikuta kama 316 kwa watu 100,000 kwa mwaka Dar es Salaam, na kama 109 Hai, baada ya kusawazisha umri. Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, na sisemi imani ndiyo iliyozileta. Ninachosema ni kwamba kijiji kinaweza kuelewa ugonjwa huu vizuri kuliko jiji kubwa. Kuishi shambani hakumzuii mtu kujua.

Sisi tuna deni kubwa zaidi. Oktoba 2021, huko Marani, Kaunti ya Kisii, bibi wanne waliuawa na umati kwa kushukiwa uchawi. Mwaka 2008 nyumba zilichomwa na wazee wakateketea kwa tuhuma hizo hizo. Mahali ambapo ugonjwa wa ghafla hauna maelezo, kidole huelekezwa kwa mtu, na mara nyingi huelekezwa kwa mwanamke mzee, mjane, maskini, asiyesoma. Ni yule yule aliye katika hatari kubwa ya kuugua bila kutibiwa. Kila mtoto anayejifunza kwamba mshipa wa kichwani unaweza kuziba, anamkinga bibi yake mara mbili.

Viongozi wa dini, nawaomba kwa heshima. Uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikwama, mtu apelekwe hospitali dakika hiyo hiyo. Maombi yaanze na yaendelee njiani. Asipewe chakula wala maji, kwa kuwa koo linaweza kuwa limelegea naye akapaliwa. Asipewe vidonge vya jirani. Asichanjwe wala kutolewa damu. Na mtu akumbuke saa ambayo dalili zilianza, kwa sababu daktari ataiuliza.

Kiharusi kinapomtoa mtoto shuleni

Nimesema kwamba kukosa shule huleta kiharusi. Kinyume chake pia ni kweli, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Baba akipooza, kuna mtu lazima amgeuze, amlishe, amwoshe. Mke anaacha kuchuma. Ng'ombe anauzwa, kisha kipande cha ploti kinakodishwa, kisha bonasi ya chai inaliwa kabla haijafika. Karo ya sekondari inakosekana, na msichana ndiye wa kwanza kubaki nyumbani kumsaidia mama yake. Miaka 40 baadaye atakuwa ni yeye anayesimama mbele ya bahasha ya "1x1".

Kwa hiyo walimu, mnapomwona mwanafunzi aliyeanza kukosa Jumatatu na Ijumaa, ulizeni nani anaugua nyumbani. Na wazazi, msidhani kumwokoa mtoto wa jirani na kuacha shule ni jambo la huruma tu. Mnazuia kiharusi ambacho hakijatokea.

Yaliyowezekana kwingine

Msinisikilize mkadhani nimekuja kuwakatisha tamaa. Miaka ya 1960 Japani ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumizwa zaidi na kiharusi, hasa wakulima wa mikoa ya kaskazini kama Akita, waliokula chumvi nyingi mno katika majira ya baridi. Japani ilikuwa imeweka bima ya afya kwa wote mwaka 1961. Ikapeleka vipimo vya presha vijijini, ikawafundisha watu kupunguza chumvi. Kati ya 1965 na 1990 vifo vya kiharusi vilishuka kwa kiasi kikubwa mno. Hawakungoja kila mkulima apate shahada. Walimfuata alipo.

Uchina, katika vijiji 600, watafiti waliwagawa karibu watu 21,000, waliokuwa na historia ya kiharusi au wazee wenye presha: wengine waliendelea na chumvi ya kawaida, na wengine walipewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu. Matokeo yalitoka 2021: baada ya miaka karibu mitano, viharusi vilipungua kwa asilimia 14 kwa waliobadilishiwa chumvi. Mtu mwenye ugonjwa wa figo asiitumie bila kumwuliza daktari, lakini kwa wengine wengi ni badiliko lisilohitaji kusoma hata herufi moja. Katika nusu ya vijiji vingine 326 nchini humo, wahudumu wa vijijini wasio madaktari kamili walifundishwa kupima presha na kurekebisha dawa kwa mwongozo rahisi, wakisimamiwa na madaktari. Mashambulio ya moyo na viharusi yalipungua kwa karibu theluthi moja.

Na tusiende mbali. Trans Nzoia na Busia, hapa Kenya, wagonjwa 2,890 wa presha na kisukari waligawanywa makundi. Wengine waliendelea na kliniki ya kawaida. Wengine waliwekwa kwenye vikundi vya kuweka na kukopeshana, wengine walihudumiwa pamoja kama kikundi, na wengine walipata yote mawili: chama na kliniki siku moja, mahali pamoja. Matokeo yalichapishwa 2021. Baada ya mwaka, waliopata chama na kliniki pamoja walishusha presha kwa vipande zaidi ya 16, wakati wa kliniki ya kawaida walishuka kama 11. Kumbukeni nilivyosema thamani ya vipande vichache. Kina mama wetu wanajua kuendesha chama kuliko benki nyingi. Nguvu hiyo tunayo na hatujaitumia kwa afya.

Tunachodai na tunachoahidi

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Haikusema kila mtu aliyesoma. Tangu 2013 afya imo mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo nina maombi, na nayatoa kwa sauti.

Kwa Serikali ya Kaunti ya Nyamira: Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini walipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Wapo kati yetu jioni hii. Walipeni kwa wakati, wapeni betri, na hesabuni kazi yao kwa idadi ya watu ambao presha imeshuka, wala si idadi ya nyumba zilizotembelewa. Dawa za presha zisikosekane katika zahanati hata mwezi mmoja, na mgonjwa aliyetulia apewe za miezi mitatu ili nauli isiwe sababu ya kuacha.

Kwa kiwanda cha chai na wakurugenzi wake: wakulima na wachumaji hukusanyika kwenye vituo vya kununulia majani wakingoja lori. Wekeni kiti na mashine ya presha hapo. Hakuna mahali pengine Borabu ambapo mwenye skimu na kibarua wake wanasimama kwenye foleni moja.

Kwa wauguzi na wafamasia: bahasha ya dawa iwe na picha ya jua kwa asubuhi na mwezi kwa jioni, na mgonjwa aelezwe kwa Ekegusii au Kiswahili, kisha aombwe arudie kwa maneno yake. Akishindwa kurudia, maelezo ndiyo yaliyoshindwa. Na msimkaripie aliyeacha dawa. Muulizeni kilichomzuia.

Kwa makanisa: tangazeni Sabato moja na Jumapili moja kila mwezi kuwa siku ya kupima. Kwa shule: kila mwanafunzi wa sekondari ajue kupima presha na dalili za kiharusi kabla ya kumaliza. Ninyi mliosoma ni daraja la wasiosoma. Kabla ya wiki kwisha, kila mmoja wenu ajue namba ya presha ya bibi yake, aiandike, na ahakikishe vidonge havijaisha. Mwenye simu awasaidie majirani wawili kujisajili SHA.

Na kwenu mliokosa shule: msikubali mtu awaambie kwamba ugonjwa huu ni adhabu ya ujinga. Mlilima ili wengine wasome. Mna haki ya kuingia kliniki na kusema, "Nipime, uniambie namba yangu, uniambie nirudi lini." Mkisema hivyo na mkakataliwa, njooni mtuambie, tutakwenda pamoja nanyi kwa chifu, kwa mwakilishi wa wadi, na hadi kwa gavana.

Hatuwezi kurudi 1965 tukamlipia karo yule msichana. Lakini leo ana miaka 66, anaishi karibu nasi, na mashine ya kumpima ipo kwenye mkoba wa mhudumu aliyeketi kwenye benchi la pili. Nimemaliza. Mashine ziko mlangoni; nawaomba tuanze na wazee.